Abiria wa Kiti cha Mlangoni

Hebu vuta picha hii, msikilizaji wangu. Gereji ndogo ya mabati, saa sita mchana, jua limesimama utosini. Katikati yake iko pikapu kuukuu ya rangi ya samawati, taa zake mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Boneti imeinuliwa. Ndani ya tumbo hilo la zamani imekaa injini mpya inayong'aa, ya kuongozwa na kompyuta, na nyaya zake zimetapakaa kila upande. Pembeni amesimama fundi, mikono kiunoni, jasho likimchuruzika, anasikiliza kitu kimoja tu.

Ti. Ti. Ti.

Fundi huyo watu walimwita Bolti, kwa kuwa akishakaza jambo halegezi. Pikapu ilikuwa ya marehemu baba yake. Tangu mzee azikwe, miaka mitatu, ilikaa imeegeshwa nyuma ya nyumba, injini yake imeshikana kwa kutu, na hakuna aliyeigusa. Sasa ilikuwa lazima itembee. Mama yake Bolti alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, figo zake zimechoka, na jirani aliyekuwa akimpeleka kwa gari lake alikuwa anahama mwisho wa wiki. Mabasi ya abiria hayakufika huko hospitalini. Jumatatu saa mbili asubuhi mama alitakiwa awe amelala karibu na mashine ya kusafishia damu. Akikosa mara moja, miguu itavimba. Akikosa mara mbili, daktari alisema, wasije kumuuliza.

Ndiyo maana Bolti aliing'oa injini ya kale na kupandikiza ya kisasa kutoka kwenye gari lililooza bodi, pamoja na kompyuta na dashibodi yake. Kiti hakukigusa. Kilikuwa kile kile kirefu cha watu watatu, dereva, wa katikati na wa mlangoni, nacho akakifungia mikanda mitatu, ili mama asiyumbe njiani.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Bolti akatabasamu. Kisha ikaanza ile sauti, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu yenye picha ya mtu na mkanda: abiria hajafunga mkanda. Ukihesabu kumi, injini ikazimika yenyewe. Gari ilikotoka injini lilifunzwa adabu hiyo, halitembei na abiria mkaidi.

Lakini abiria hakuwepo. Na waya wa kupima kiti, ule unaoiambia kompyuta kwamba mtu amekaa, Bolti alikuwa ameukata na kuuzungushia tepu. Ulining'inia chini ya dashibodi kama mkia wa mjusi, haugusi chochote.

Akamwita fundi wa umeme, rafiki yake wa siku nyingi aliyeitwa Fyuzi. Fyuzi akapima, akajikuna kisogo, akapima tena. Akasema hajawahi kuona kompyuta inayoota ndoto mchana, labda imependa na inamwona mpenzi wake kila mahali. Walicheka. Wakabadilisha kompyuta. Ti, ti, ti. Wakafungua dashibodi nzima na kuinyofoa ile taa, na kesho yake ikawaka katika tundu lililobaki. Siku hiyo Fyuzi hakutania. Alikusanya bisibisi zake akasema ana kazi mahali pengine.

Ijumaa mchana Bolti alibaki peke yake. Alikuwa hajala, kucha zimejaa grisi, na subira yake imebaki uzi mmoja. Alipoketi nyuma ya usukani na kusikia ti ya kwanza, uzi ule ukakatika. Akanyakua spana namba kumi na saba, akakipiga kile kiti cha mlangoni kwa nguvu zote.

"Toka!" akasema. "Toka humo, nimechoka nawe."

Sauti ikakoma.

Bolti akapumua. Akachukua mashine yake ya kupimia kompyuta ya gari, akaichomeka, akafungua ukurasa wa viti. Ulikuwa na mistari miwili, wa dereva na wa abiria, na yote miwili ilipasa kusoma sifuri, maana hapakuwa na waya. Dereva: kilo sabini na moja. Huo ulikuwa uzito wake hasa. Abiria: kilo tisini.

Akageuka polepole. Sponji ya kiti cha mlangoni ilikuwa imebonyea.

Ikaingia harufu, kwanza kidogo, halafu ikajaa, harufu ya manyoya yaliyoungua. Vioo vikapanda vyenyewe, vioo vya pikapu ile ambavyo havikuwa na umeme, vilivyozungushwa kwa mkono tangu siku ya kwanza, na Bolti akaona mkono wa kioo cha mlango wa pili ukizunguka taratibu, bila haraka, kama unavyozungushwa na mtu ambaye hataki mazungumzo yasikike nje. Akatazama tena mashine, akaona namba ya abiria ikishuka, themanini, hamsini, ishirini, sifuri, na moyo wake ukashuka nayo kwa faraja, akidhani kile kitu kimeondoka, hata macho yake yalipouangukia mstari wa juu, wa dereva, ambao ulikuwa umeanza kupanda, tisini, mia na kumi, mia na arobaini, na akahisi mapajani mwake joto zito likitua, likijikalisha vizuri, likimbana mgongo kwenye kiti, mpaka namba iliposimama kwenye mia na sitini na moja, na kitu kikapumua kwenye paji la uso wake.

Hakujua aliupataje mlango. Fundi seremala wa jirani alimkuta amelala mchangani, ameikumbatia spana.

Jioni alikaa miguuni pa mama yake, chai imepoa mkononi. Hakutaka kusimulia, lakini mama ni mama. Alipomaliza, mama alivutavuta shuka.

"Ulibisha hodi?" akauliza.

"Hodi kwa gari, mama?"

"Baba yako alibisha."

Naam, alibisha. Bolti akakumbuka. Kila asubuhi mzee aligonga boneti mara mbili, akasema hodi, akangoja kidogo kabla ya kufungua mlango. Watoto walikufa kwa kicheko. Na akakumbuka jambo jingine, ambalo sasa lilimsisimua mwili. Mama alikaa katikati siku zote, amebanana na baba, ingawa kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Watoto walipandishwa nyuma, hata mvua inyeshe. Majirani waliwatania kwamba wazee hawa hawajamaliza fungate.

"Ulidhani ni mapenzi," mama akasema, na kona ya mdomo wake ikacheka. "Mapenzi yalikuwepo, mwanangu. Lakini yule wa mlangoni tulimkuta. Gari lilikuja naye. Baba yako akampa heshima yake, naye akatupa amani, miaka thelathini na minane."

"Mbona sasa analeta balaa?"

"Haleti. Ile injini ya zamani ilikuwa kipofu. Wewe umelitia gari macho, nalo linasema linachokiona. Halafu ukampiga spana."

Bolti akasema watafute mganga, amfukuze. Mama akamtazama vile alivyomtazama alipokuwa na miaka sita na kuvunja chungu.

"Mgeni ni yupi pale, wewe au yeye? Na Jumatatu iko mlangoni. Unao muda wa vita?"

Jumatatu alfajiri ilipopambazuka, mama alitembea kwa mkongojo hadi kwenye pikapu, miguu mizito. Akagonga boneti mara mbili.

"Hodi," akasema kwa upole. "Ni mimi, wa katikati. Huyu ni mwanangu. Hakufundishwa, na kosa hilo ni langu. Tunaomba njia."

Wakangoja. Kisha akapandia mlango wa dereva, akajisogeza hadi katikati, Bolti akamfunga mkanda. Injini ikawaka. Ti. Ti. Ti. Bolti akahesabu, midomo mikavu: sita, saba, nane. Upande wa pili kikasikika kitu kidogo. Ka. Sauti ikakoma, na injini ikaendelea kunguruma kama paka aliyeshiba.

"Macho barabarani," mama akanong'ona.

Akayaweka barabarani safari nzima. Walifika saa mbili kasoro dakika tano. Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu, mama akateremkia mlango wa dereva kama zamani, akaingizwa ndani. Bolti akarudi kuchukua mkoba wake uliosahauliwa, na hapo ndipo alipotazama.

Mkanda wa mlangoni ulikuwa umefungwa. Haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umevimba mbele, umepita juu ya kifua kipana ambacho hakikuwepo, na ukawa unapanda na kushuka, taratibu, taratibu, kama wa mtu anayesubiri bila haraka.

Bolti akauchukua mkoba, akaufunga mlango. Alhamisi wangekuja tena, na wiki ijayo, na nyingine, na kila mara angerudi nyumbani peke yake na yule wa mlangoni hadi muda wa kumfuata mama. Mwishowe akazunguka mbele, akagonga boneti mara mbili.

Nawe msikilizaji wangu, mengine yote unaweza kuyasahau, hata rangi ya pikapu. Nakuomba ukumbuke hili moja tu: ukifika penye mlango, hata kama unajua hakuna mtu ndani, bisha hodi, halafu ngoja kidogo.