Gari la Barazani

Haidar alitumwa habasoda. Habasoda, pilipili manga na ubani wa kufukizia chumba cha mzazi, basi. Aliyemtuma ni Bi Ashatu, bibi yake mkewe, aliyekuja Mapinga kumlea mjukuu wake Dija na kichanga chake Najma, na ambaye ulimi wake ungeweza kumenya muhogo.

"Uwe umerudi jua halijazama, mume wangu," alimwambia, kwa ule utani wa bibi na mume wa mjukuu. "Ndani mna mtoto hajafika arobaini. Ukichelewa utalala na kuku, na kuku wenyewe wakikukubali."

Haidar akawasha pikipiki, akashika njia ya Bagamoyo. Lakini kichwani hakuwa na habasoda. Alikuwa na gari.

Tena si gari la kupanda. Gari la rimoti, lile la kukimbizwa mchangani na vichakani. Mtu mzima, fundi wa madirisha ya aluminiamu, ndevu zimejaa kidevu, anataka kigari. Tangu awaone vijana wakiyashindanisha kwenye mchanga mgumu wa Bagamoyo maji yakiwa yamekupwa, alikuwa hatulii. Tangu mkewe ajifungue ndiyo kabisa. Mtoto akilia yeye anatazama magari kwenye simu. Akinyamaza, anatazama magari kwenye simu. Mwanamume akipata mtoto wa kwanza hutafuta pa kukimbilia. Huyu alikimbilia kwenye matairi.

Duka la mzee Darwesh lilikuwa na feni, redio, na kabati moja la magari hayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzazi hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Nimekuja kwa lile jambo letu."

Darwesh akamtazama juu ya miwani. "La kuanzia usitafute kasi. Kasi itakuja kukuaibisha. Chukua lililoungwa tayari kiwandani, usiniambie utaunga mwenyewe. Livute matairi yote manne, mchanga wetu huu unameza. Tumbo liwe juu. Na kubwa kuliko yote, spea. Mkono wa mbele, ule unaoshika tairi, utauvunja. Sisemi labda. Utauvunja. Ukivunjika uwe na mwingine, la sivyo umenunua pambo la kabati."

"Si kama lile pale?"

"Lile la mashindano. Kukupa wewe lile ni kumpa mlevi wembe. Njoo Jumamosi, mzigo unaingia."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Haidar akaaga kwa adabu, moyo unamwasha. Akanunua habasoda, akanunua na mengine aliyotumwa, akarudi kwenye pikipiki yake.

Pembeni ya pikipiki alisimama mwanamke.

Baibui lake lilikuwa limepauka. Umri wake haukusomeka. Alikuwa na kikapu cha ukili, na alinuka... maziwa yaliyoganda. Maziwa yaliyoganda na udi uliozimwa kwa maji.

"Unatafuta gari la kuanzia," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nani kakwambia, mama?"

"Limeungwa tayari. Linavuta yote manne. Tumbo liko juu." Akafunua kikapu. "Halina kasi. Kasi itakuja kukuaibisha."

Haidar alijiambia kwamba mwanamke huyu alikuwa amesimama nje ya duka akisikiliza. Watu husikiliza. Tena macho yalikwishashuka kikapuni, na yakishashuka hayapandi. Gari lilikuwa jekundu, matairi yana meno, shokapu laini, na rimoti kando yake. Chini ya tumbo ulifungwa mkono wa mbele wa akiba, kwa uzi mweusi, kama ule wanaofungwa vichanga mkononi.

"Mwanao kalichoka?"

"Hakuwahi kulichoka." Akalipapasa gari kwa kidole. "Kwako mna mtoto?"

"Kachanga. Hata arobaini hakajafika."

"Basi litapata mwenzake. Chukua. Sitaki kitu."

Sasa mtu wa pwani umempa kitu cha bure, utamfanya nini. Aibu ilimshika, mdomo ukasema ulichofundishwa tangu utotoni.

"Basi karibu kwetu Mapinga, mama. Karibu siku moja upate chai."

"Mimi siji," alisema mwanamke. "Mkaribishe yeye."

Haidar akacheka. Akadhani anamsema mwanawe. "Naye karibu. Karibu nyumbani."

Mwanamke alishusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Haidar aliinama kufunga kikapu nyuma ya pikipiki. Alipoinuka, palikuwa hapana mtu. Harufu ilikuwapo. Ilipanda pikipiki pamoja naye mpaka Mapinga.

Karibu na kwake kulikuwa na viwanja vilivyokwisha uzwa na havijajengwa, mchanga mtupu na mawe ya mipaka. Jua lilikuwa linagusa mikorosho. Angekwenda moja kwa moja ndani, akapeleka habasoda kama alivyotumwa, huenda yangekwisha hapo.

Raundi moja tu, alijiambia.

Akalitua gari mchangani, akashika rimoti, akabonyeza.

Likaenda.

Lilikwenda vizuri kuliko yote aliyoyaona kwenye simu. Lilipanda mizizi, likazunguka jiwe la mpaka, likapita kwenye mchanga laini bila kuzama. Haidar alicheka peke yake kama punguani. Kisha akatega sikio. Mota ilikuwa na mlio wa namna yake.

Vruuu... vruuu...

Kimya kidogo.

Vruuu...

Akasimama. Akasikiliza tena. Kile kimya katikati kilikuwa na sauti yake ndogo, nyembamba.

Gari lilikuwa linavuta pumzi.

Haukuwa mlio wa mota. Ulikuwa mlio wa mdomo, jinsi mtoto anavyosukuma kigari sakafuni na kukingurumia mwenyewe. Haidar akaondoa vidole kwenye rimoti. Gari halikusimama. Akaigeuza rimoti, akafungua nyuma. Vyuma vya kushikia betri vilikuwa na kutu. Betri hazikuwamo.

Akatazama mchanga. Alama za matairi zilikwenda na kurudi, nyingi, zimepandana. Na nyuma ya alama hizo, kila zilikopita, kulikuwa na viganja. Vidogo. Viganja na magoti, kama ya mtoto anayetambaa.

Adhana ya magharibi ikaanza. Gari likageuka, likaelekea nyumbani kwake.

Haidar alikimbia. Ni mtu wa kimo na miguu mirefu, na kigari kilikuwa kinakwenda polepole kwa raha zake, kinasimama kupumua, kinaendelea. Lakini hakukifikia. Kila alipokaribia mchanga ulimshika miguu. Kikapita chini ya geti la mabati. Kikapanda baraza. Kikagonga mlango.

Taratibu.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya mtoto aliye na maziwa mdomoni.

Ndani Haidar alimsikia mkewe akisogea kitandani. Alimjua Dija. Amelelewa vizuri, akibishiwa hodi huitikia hata akiwa na homa. Haidar alitaka kupiga kelele asijibu. Hakuwahi.

"Ka..." alianza Dija.

"Funga mdomo," alisema Bi Ashatu, kwa sauti ya chini. Kandambili zake zikasogea mpaka nyuma ya mlango. "Nani wewe?"

Pumzi tu.

"Hodi."

"Hodi nimeisikia, si kiziwi. Nimekuuliza wewe nani. Mtaje baba yako."

Haidar alisimama getini, mikono kwenye bati, hathubutu kusogea. Kisha ile sauti ndogo ikasema, bila chuki, kama mtoto anayesemea haki yake:

"Baba kanikaribisha."

Dirisha likafunguka kidogo. Bi Ashatu hakulitazama gari. Alimtazama Haidar.

"Ulisema karibu?"

Haidar akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa mdomo wako huo?"

"Ilikuwa adabu tu, Bibi."

"Adabu," alisema Bi Ashatu. "Mke wako kakuomba umshike mtoto yeye akaoge, adabu huna. Barabarani ndiyo umeikuta."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka. Akatandika kipande cha mkeka kwenye kona ya baraza, akaweka kikombe cha uji mwepesi. Kisha akachuchumaa mbele ya gari, magoti yakalia, akasema nalo kama anavyosema na mjukuu mkorofi.

"Wewe ni wa hapa barazani. Umekaribishwa nyumbani, ndani hukukaribishwa. Utakula hapa, utalala hapa. Siku tutakapomtoa Najma nje, nawe tutakutoa, tutakuonyesha njia. Umesikia?"

Gari likasogea lenyewe. Likapanda mkekani. Likatulia.

Ndani, wakati Dija ananyonyesha na mlango umefungwa kwa kitasa na kiti, Bi Ashatu alimweleza Haidar kwa kunong'ona. Ujanani mwake aliishi upande wa Saadani. Huko alisikia habari za kichanga kinachofariki kabla ya arobaini, hakijatolewa nje, hakijaonyeshwa ua wala mlango wa kwao. Kinabaki kinatafuta kwao. Na mama yake hapati usingizi mpaka mtu mwingine, kwa hiari yake, akikaribishe.

"Kwa nini gari?" aliuliza Haidar.

"Mimi nitajuaje? Labda ndilo mama yake alilomnunulia akiwa tumboni. Wazazi wa siku hizi mnanunua kabla ya kuzaa." Akamkazia macho. "Nisikilize, mume wangu. Najma akifika arobaini salama, yamekwisha. Mpaka hapo, lile gari usilihamishe. Pale lilipo ndipo anapokaa. Ukiliondoa, yeye umemwacha wapi?"

Haidar akaitika. Alisikia kila neno. Na alikuwa mtu wa kusikia.

Lakini kutulia hakuweza. Kila jioni Bi Ashatu alitoa uji, kila asubuhi kikombe kilikuwa kikavu, kimerambwa. Paka? Hapana paka aliyekanyaga baraza ile tena, wala kuku. Haidar alikuwa kazini anapima madirisha anakosea vipimo. Alikuwa anakula anaacha. Jioni alikaa sebuleni, sikio mlangoni, akisikiliza ile vruuu... ya chini chini, inayokwenda kona hadi kona ya mkeka na kurudi. Haivuki. Lakini haichoki. Na Najma, kila ikianza, alikuwa anaacha kunyonya na kugeuza macho upande wa mlango.

Siku zilibaki chache. Angetulia kidogo tu, angefika.

Alasiri moja Bi Ashatu akiwa uani anapepeta mchele, Haidar alilichukua gari, akalitia kikapuni, akalipeleka Bagamoyo. Alijiambia yule mwanamke lazima anajulikana. Atamrudishia mali yake, atamwambia asante, karibu yangu naifuta.

Darwesh alisema hakumwona mwanamke yeyote siku ile, na mlango wake unatazama pale pale ilipokuwa pikipiki. Akalipokea gari, akalipima mkononi, uso ukabadilika. Akachukua bisibisi, akafungua bodi.

"Hili ulikuwa unalikimbiza?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa mota gani?"

"Mota gani vipi?"

Darwesh akamgeuzia. Mahali pa mota hapakuwa na mota. Hapakuwa na waya hata mmoja. Palikuwa na pamba, nyeupe, safi, imeshindiliwa kwa uangalifu, kama wanavyoshindilia wanaoosha maiti.

Darwesh akarudisha bodi bila kufunga hata skrubu. Akaenda kunawa mikono, akanawa tena. "Liondoe dukani kwangu," alisema akiwa amempa mgongo. "Na la Jumamosi pia sikuuzii. Rudi kwa mwanao."

Haidar alirudi kwa mwendo ambao pikipiki ile haikuwahi kuujua. Alilirudisha gari mkekani, mahali pale pale, akalielekeza lilivyokuwa limeelekea. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mikorosho. Akashusha pumzi. Hakuna aliyeona.

Ila gari lilikuwa jepesi, si kama siku ile alipopewa. Wakati wa kwenda Bagamoyo lilikuwa jepesi hivyo hivyo, na yeye hakutaka kulifikiria.

Akakaa kando yake, macho hayabanduki. Halikusogea. Adhana ikaanza, ikaisha. Halikunguruma. Bi Ashatu akaja kutoka uani na kikombe cha uji, akasimama. Akatazama mkeka. Akatazama vumbi jekundu la barabarani kwenye kikapu. Hakusema neno, na Bi Ashatu kukosa neno kulimtisha Haidar kuliko yote aliyoyaona.

"Haidar," Dija aliita kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mwingine. "Umeliingiza gari ndani?"

"Liko hapa. Nimelishika."

"Kweli?"

"Mkono wangu uko juu yake, Dija."

Dija alinyamaza. Na katika kunyamaza kwake wote wawili pale barazani wakasikia. Ilitoka chumbani, chini chini, ya mdomo.

Vruuu...

"Njooni mumtazame Najma," alisema Dija.

Vruuu... vruuu...

Kisha ikakatika, kwa kitambo kidogo tu, ikavuta pumzi.