Dakika Nne za Capucine

"Yvon, kaa chini nikuonyeshe kitu."

"Odile, mke wangu, filamu inazinduliwa Ijumaa. Hata kahawa sijanywa."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Odile alikuwa amefura kwa hasira mbele ya meza ya kuhariria. Miaka ishirini na sita alikuwa mke wa Yvon Delestre, mwongozaji anayenyenyekewa Paris nzima. Filamu zake zote kumi na moja, tangu ile ya kwanza waliyopiga mjini Roubaix kwa kamera ya kuazima, alizihariri Odile. Yvon hata nakala ya mwisho hakuwa na habari ya kuiangalia. Alimwachia mkewe.

"Wewe ni mtu wa pupa," Odile alisema. "Mwigizaji hajamaliza neno, umeshasema kata. Kila filamu tunagombana kwa hilo. Sasa kwa huyu binti mwigizaji, Capucine, igizo limekwisha na kamera inaendelea, ukijumlisha dakika nne nzima. Kulikoni?"

"Nilisahau."

"Siku tisa mfululizo?"

Yvon akacheka kile kicheko chake cha kwenye mahojiano. "Wivu huo. Binti mwenyewe ndiye anayening'ang'ania, mimi nifanyeje?"

Odile akafungulia sauti.

"Bila wewe filamu hii haina roho," Yvon alinong'ona kwenye spika. Ndiyo maneno aliyomwambia Odile kule Roubaix, hakubadilisha hata moja. Yalimchoma mpaka kwenye mfupa.

Kisha ikasikika sauti ya binti: "Bwana Delestre, naomba useme kata."

Kamera ikaendelea, naye akaomba tena:

"Niachie mkono. Tafadhali, sema kata."

"Haya," Odile akauliza, "nani anamng'ang'ania mwenzake hapo?"

"Futa hiyo. Tumetoka mbali, Odile. Nakupenda wewe peke yako."

"Unachopenda ni mtu wa kukusafishia uchafu wako. Toka."

Yvon akatoka, akabamiza mlango. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, maana Odile alikuwa akimsafishia siku zote.

Odile akachukua simu, akamwandikia Capucine: *Nimeziona zile dakika nne. Nisamehe, mwanangu. Nizifute au niziache?*

Jibu likachelewa. Kisha: *Kila niliyemwambia alisema nina bahati kupendwa na mtu mkubwa. Ziache, Madame Odile. Nitakuwepo.*

Ijumaa, saa tisa alasiri, ukumbi ulifurika. Filamu ikaisha, watu wakaanza kupiga makofi, lakini picha haikuzimika. Makofi yakafifia, kiti kwa kiti. Watu mia tatu wakasikia binti akiomba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Capucine alikuwa safu ya mbele, amekaa wima, mama yake amemshika bega.

Yvon akaudaka mkono wa mkewe. "Umeniua. Izime hiyo, Odile, sasa hivi."

Odile akauchomoa mkono wake taratibu, akavua pete, akamwekea juu ya goti.

"Mwongozaji si wewe?" akamwambia. "Sema kata."