Baiskeli Isiyooshwa

Kila asubuhi ya majira ya baridi Fenne Dewaele aliendesha baiskeli kilomita tisa kwenda shule, kwenye barabara iliyotapakaa matope ya matrekta yaliyotoka kuvuna viazi vya biti. Baiskeli hiyohiyo ndiyo aliyoshindania kila Jumapili katika mbio za matopeni. Jumatatu aliifunga madigadi, Jumapili aliyafungua. Nyingine hakuwa nayo.

Shida ni kwamba alikuwa na miaka kumi na mitatu na miguu ilikuwa imerefuka. Magoti yalikaribia kugonga usukani.

"Panzi ndani ya kiberiti!" Wannes, mwenzake wa darasani na wa mbio, alimpigia kelele langoni mwa shule. "Umeipanda au imekupanda?"

"Nyamaza wewe. Jumapili huyo panzi alikuacha kilimani."

"Nilipata pancha."

"Kila kilima una pancha."

Wannes alicheka. "Basi sikiliza. Kaka yangu anauza fremu yake nyeusi ya kaboni. Unaiinua kwa kidole kimoja. Euro mia tatu na ishirini. Kuna jamaa wa mji wa Ronse anaitaka, lakini kaka amesema atakusubiri mpaka Jumapili saa nane mchana, uwanjani. Saa nane na dakika moja, imekwenda."

Tangu hapo Fenne hakutulia. Darasani alichora fremu nyeusi pembeni mwa daftari. Mama yake alikuwa amemwekea euro mia mbili. Magurudumu, breki na mnyororo angepewa na shangazi yake Godelieve, fundi wa baiskeli wa kijiji. Kilichobaki kilikuwa fremu tu.

Shangazi Godelieve alishusha fremu moja ya kijivu kutoka kwenye msumari wa karakana. "Hii hapa. Alumini. Mia moja na themanini. Imechubuka rangi, basi."

"Nzito, shangazi."

"Nzito kuliko ipi? Inazidi kwa nusu kilo tu. Mzunguko mmoja tu utabeba matope ya kilo mbili." Alitia gurudumu kwenye fremu, akapitisha dole gumba kati ya tairi na fremu. "Dole linapita. Basi na matope yatapita. Na hapa kuna matundu ya madigadi, Jumatatu utafika shule mgongo mkavu. Hiyo nyeusi umeitazama?"

"Nimeiona kwenye picha."

"Picha haina matope."

Fenne alikuwa anapiga hesabu. Akiuza baiskeli yake ya zamani kwa mia moja na ishirini, nyeusi ni yake. Na mnunuzi alikuwepo: Lieze, binti wa mwoka mikate, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akiimezea mate baiskeli hiyo tangu kiangazi.

Jumamosi jioni Fenne alitoka nayo uani kuiosha. Kwa watu wa kijiji kile baiskeli huoshwa kabla mwenyewe hajaoga. Mtoto akiingia ndani na kuacha baiskeli chafu nje, hurudishwa palepale hata kama chakula kiko mezani. Alimwaga maji, akasugua, akageuza. Ndipo akauona. Chini ya fremu, karibu na pedali, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

Aliukwaruza kwa ukucha, akiomba uwe mchubuko. Ukucha ukanasa. Ulikuwa ufa.

Alisimama na mpira wa maji mkononi, maji yakimlowesha viatu. Lieze na baba yake wangefika kuinunua baada ya nusu saa. Alifunga maji. Akapanda baiskeli, akaiingiza shamba la biti, akaizungusha mara mbili, akarudi nayo ikiwa imefunikwa matope tangu usukani mpaka chini.

Joost, mwoka mikate, aliitazama akakunja uso. "Mbona haijaoshwa?"

"Nimetoka mazoezini sasa hivi, Baba Lieze."

"Haya. Mia moja na ishirini yako hii hapa. Mimi naenda kulala, unga hausubiri mtu. Kesho ataiosha uwanjani kabla ya mbio."

"Nitaiosha mwenyewe!" Lieze aliruka akamkumbatia Fenne. "Itakuwa safi kuliko sahani!"

Mezani mguu wa Fenne ulitikisika mpaka vijiko vikalia.

"Una siafu kwenye kiti?" mama yake aliuliza.

"Nawaza mbio, mama."

Siku ya pili yake Fenne hakuwa na baiskeli ya kushindania, kwa hiyo Shangazi Godelieve alimweka kwenye foleni ya maji. Shangazi ndiye aliyeshika mpira wa maji wa klabu, na watoto walimletea baiskeli zao baada ya kuijaribu njia ya mbio. Fenne alizishikilia zikioshwa, lakini macho yalikuwa kwenye saa ya kanisa. Saa nane kasoro dakika ishirini. Bahasha ya euro mia tatu na ishirini ilikuwa ndani ya koti. Gari jekundu la kaka yake Wannes lilikuwa ng'ambo ya uwanja.

Lieze alifika akihema. "Fenne! Inalia kidogo. Ki, ki, ki. Lakini tutazoeana."

Fenne alikwepa macho yake, akatazama foleni. Mbele ya Lieze walikuwepo watu watatu.

"Foleni ndefu," Lieze alisema. "Tunaanza baada ya dakika tano. Nitaiosha baadaye." Akageuza baiskeli.

Hapo Fenne angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini kule juu aliona mteremko wa kwanza, ule wenye mizizi, ambao kila mtoto hushuka huku ameng'ata meno.

Alikamata kiti cha baiskeli.

"Niachie, nachelewa!"

"Usiende. Ina ufa, Lieze. Niliuona jana. Matope niliyapaka mimi."

Foleni nzima iligeuka. Shangazi Godelieve aliwasogeza kando waliokuwa mbele, akageuza mpira, maji yakaipiga baiskeli. Matope yalianguka vipande vipande. Ule unywele sasa ulikuwa umezunguka nusu ya bomba la fremu.

Joost alisogea kutoka kwa watazamaji, akapitisha kidole juu ya ufa, kisha akamvuta bintiye kando yake.

"Na mimi nilikukumbatia," Lieze alisema, machozi yakimtoka.

Fenne alitoa bahasha, akahesabu mia moja na ishirini. "Nisamehe, Baba Lieze."

"Hela nitapokea. Mbio zake je?"

Fenne aligeuka akakimbia. Duka la mikate lilikuwa nyuma tu ya uwanja. Alirudi mbio na baiskeli ya shule ya Lieze, yenye kikapu mbele. Skrubu za madigadi zilikuwa na kutu, hazikufunguka, basi Lieze akaanza hivyohivyo, kikapu kikirukaruka, watu wakicheka na kumshangilia.

Mzunguko wa kwanza haujaisha, matope yalijaa kati ya madigadi na tairi, gurudumu likagoma. Lieze aliiburuta mpaka sehemu ya mafundi. Fenne alipiga magoti na kijiti, akachokonoa matope. "Nenda!" Mzunguko wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Kengele ya kanisa ililia saa nane, wala hakuisikia.

Lieze alimaliza wa pili kutoka mwisho. "Kuna mtu nimempita!" alipiga kelele. "Yule aliyeanguka mara nne!"

Baadaye Wannes alikuja akichechemea kwa mbwembwe. "Jamaa wa Ronse kaichukua nyeusi. Umelala, panzi."

"Kati ya tairi na fremu dole gumba linapita?" Fenne aliuliza.

"Ah. Karatasi labda."

Jioni, karakanani, shangazi aliishusha ile fremu ya kijivu. Fenne aliweka mia moja na themanini mezani.

"Kaa hapo, wewe," shangazi alisema. "Sitakubembeleza. Ungesema Jumamosi, ungekosa mnunuzi, basi. Umesema leo, mtoto wa watu amelia na baba yake hatakuamini tena kwa muda mrefu. Ungesema kesho, tungekuwa hospitali tunayahesabu meno ya Lieze. Neno ni lilelile, mwanangu, lakini kila ukililaza linapanda bei. Unapochagua fremu unauliza bei. Na ukitaka kudanganya uliza bei vilevile, na uliza nani atakayelipa."

"Ndiyo, shangazi."

"Na hiyo ishirini iliyobaki?"

"Nataka madigadi mapana kwa baiskeli ya Lieze, matope yapite. Nitamfungia mwenyewe. Hizo skrubu zenye kutu nitazikata."

Shangazi alimtazama kidogo, kisha akashusha madigadi mawili kutoka rafuni. Fenne aliyapokea, akaitazama mikono yake iliyokauka matope, akaenda kwenye bomba la maji.

"Unakwenda wapi?"

"Kunawa."

"Fremu kwanza," alisema Shangazi Godelieve, na kumpa brashi.