Mifuo Hamsini

"Zloti elfu mbili hulipwi, Mwalimu, mpaka hii ramani iseme ukweli," alisema Bogumiła, mwenyekiti wa kijiji, akiisukuma karatasi mezani jikoni kwake.

"Ukweli upi, Bi Mwenyekiti? Wa kijiji au wa shamba lako?"

Mwalimu Teofil alikuwa ametumia mwaka mzima kuandika historia ya Olszewka, kijiji cha Poland: kijito, kanisa la mbao lililoungua, vita viwili, na makaburi ya waliokufa kwa kipindupindu. Ramani yake, aliyoinakili kutoka ile ya zamani ya parokia, iliyafikisha makaburi hadi kijitoni. Sasa yaliishia kwenye msalaba wa chuma. Kutoka hapo hadi majini ni bitiruti za Bogumiła.

"Baba mkwe alilima pale miaka hamsini. Nani alimwambia kitu?"

"Kila Oktoba aliumega mpaka wa makaburi kwa mfuo mmoja wa plau. Mifuo hamsini. Hata mwizi wa kuku ana haraka kuliko yeye."

"Na makaa umeshanunua? Nasikia unalala na koti."

Teofil hakuwa na makaa, na theluji ilikuwa karibu. Akachukua kifutio.

Alipofuta mpaka wa zamani, karatasi ililowa chini ya kidole chake, ikanuka udongo uliofukuliwa.

"Umemwaga chai?" aliuliza Bogumiła.

"Kikombe changu hiki, kimejaa."

Akachora mpaka mpya msalabani. Hapo kitu kikakwaruza chini ya sakafu, upande wa jiko.

"Panya," alinong'ona Bogumiła.

"Panya gani anavuta plau?"

Mkwaruzo ukaja taratibu, kama chuma kinachopita kwenye mawe, ukapita chini ya kabati na sahani zikatetemeka moja moja, ukapita chini ya picha ya baba mkwe nayo ikageukia ukuta, na mbao za sakafu zikainuka na kulala pembeni kwa mstari ulionyooka, zikifunua udongo mweusi wenye meno na nywele, mpaka kwenye miguu ya kiti cha Bogumiła, pakawa kimya.

"Rudisha mstari, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Hela utapata zote."

Teofil akachora. Penseli haikuacha alama. Karatasi ilikuwa tope.

Ndani ya mfuo sauti ya mwanamke ikasema, bila hasira, kama mtu aliyesubiri foleni muda mrefu:

"Huo mmoja. Bado arobaini na tisa. Lete."