Sanduku Lililokwama Majini

Sanduku lilikuwa likishuka taratibu kama kawaida yake, kisha likaguna, likainama upande mmoja na kukwama. Tamsin Veal akashika ukingo wa mashua kwa mkono mmoja, na tumbo lake la mimba kwa mwingine.

"Tumefika?" aliuliza Obed, baba mkwe wake.

"Bado, mzee," alijibu Silas, mwendesha pampu. "Tuko katikati."

Katikati ya nini, hilo ndilo jambo. Kilima kile cha Somerset hakina maji ya kuchezea, na ngazi ya malango ya kushushia mashua ingeyanywa yote. Basi wenye mfereji wa mashua wakajenga birika refu la mawe, wakalijaza maji, na ndani yake wakazamisha sanduku la mbao lililozibwa kila upande. Mashua huingia sandukuni ikielea, mlango hufungwa, Silas huongeza maji kidogo humo ndani, na sanduku lote huzama hadi mfereji wa chini. Likitakiwa kupanda, huyatoa kwa pampu. Halipotei hata tone. Ni akili ya kutisha, na Tamsin hakuipenda hata siku moja.

"Ukuta wa birika umevimba," Silas alisema, baada ya kupampu hadi shati likaloa. "Umetubana."

Obed alizaliwa mashuani, na dawa ya mashua iliyokwama aliijua: punguza mzigo. Akachukua sepetu, akaanza kutupa nje makaa ya mawe waliyobeba. Tamsin naye akatupa kwa mikono. Walihema kama ng'ombe wa jembe, hadi Silas akamshika mzee bega.

"Unayatupa wapi?"

"Majini."

"Maji gani, mzee? Si yamo humu humu sandukuni? Uzito ni uleule. Mlichopunguza ni hewa, kwa kuhema huko."

Obed akatazama mshumaa. Mwali ulikuwa umenywea ukawa kama punje ya shayiri. Akaiweka sepetu chini.

"Tuuzime," Silas alisema. "Tulale. Asiongee mtu."

"Kwanza nigonge," Tamsin akasema.

Jonas, mumewe, alikuwa ameteremka kilima na farasi wa kuvuta mashua ili awapokee chini. Kwenye kila handaki Tamsin humgongea ukutani kwa upondo, mara mbili, maana yake tu wazima. Safari hii aligonga bila kukoma mpaka mikono ikaisha nguvu.

Kisha giza. Nje ya mbao maji yalinong'ona, na Tamsin akahisi usingizi mtamu ukimpanda kutoka miguuni. Akajiona jikoni kwa mama yake, jibini mezani, matofaa yakielea dirishani kama samaki wekundu. Mtoto yumo majini, aliwaza, ndani yangu, nami nimo sandukuni, ndani ya maji. Tangu ile kazi ya makaa mtoto hakuwa amecheza. Hofu hiyo peke yake ndiyo iliyomzuia asilale moja kwa moja.

Chini yao kukavuma.

"Wametusikia, wanamwaga birika," Silas alisema kwa shida. "Maji yakiisha, hakuna kitakachotubeba. Shikeni."

Sanduku likakwaruza ukuta, likaporomoka, likanasa tena. Silas akapapasa hadi kwenye kifuniko cha juu, ambacho sasa kilikuwa nje ya maji, akapiga komeo kwa nyundo, na mwanga ukawamwagikia pamoja na harufu ya mvua. Wakainywa hewa wakikohoa. Jonas alikuwa tayari anashuka ngazi, akilitaja jina la mkewe.

Obed hakuinuka.

"Anacheza?" alinong'ona.

Tamsin aliweka kiganja tumboni akangoja, na wanaume wote wakangoja naye, maji yakichuruzika ukutani. Alingoja hadi machozi yakaanza kumtoka. Kisha akaushika mkono wa mzee, mweusi kwa makaa, akauweka pale pale.

Obed akashtuka.

"Amenipiga teke," alisema, huku analia. "Ana haki yake; nusura nimmalizie hewa."