Sensa ya Gari la Marehemu Wamalwa

Siku Wahome alipomwona Nabwile kwa mara ya kwanza, mji wa Kitale ulikuwa umeshikwa na wazimu wa mbegu. Mvua ya Machi ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na kila mwenye nusu ekari kutoka mji mdogo wa Kwanza hadi Suam alikuwa kwenye foleni nje ya maduka ya pembejeo, akisukumana na wenzake kana kwamba mahindi yangepandwa siku hiyo tu. Wahome alikuwa humo akimnunulia mamake mbegu, aliposikia gari likikohoa barabarani. Lilikuwa gari dogo jeupe la miaka ya tisini. Likatoa moshi mweusi, likatetemeka, likazima katikati ya mikokoteni.

"Madam, toa hiyo gari bana!" wenye mikokoteni wakafoka.

"Niitoe na nini na imekataa? Ama niibebe kwa kichwa?"

Aliyejibu alishuka taratibu. Alivaa gauni la rangi ya haradali, kilemba cha kijani na raba nyeupe zilizokanyaga tope bila kulionea haya. Wahome akaiacha nafasi aliyoingojea tangu saa moja asubuhi. Mtu anayeacha foleni ya mbegu mwezi wa Machi ama ni mgonjwa, ama amependa.

"Sasa. Mimi ni fundi. Hii taa ya injini imewaka tangu lini?"

"Tangu Januari. Kwani ni mbaya?"

"Inaongea tu. Wacha tuisikize."

Alifungua boneti, akachukua kipande cha waya na kuunganisha matundu mawili kwenye kijisanduku kidogo cheusi. Kisha mwanamke akarudi kwenye usukani na kuwasha swichi, Wahome akaketi kando yake, wakaitazama taa ikipepesa.

"Hesabu," alisema.

"Mbili… halafu moja. Tena mbili… moja."

"Ishirini na moja. Sensa ya oksijeni imechoka. Hiyo ndiyo inanusa moshi kwa egzosi, inaambia injini kama mafuta imezidi ama imepungua. Sasa pua imekufa, na injini inakunywa mafuta kama mlevi."

Nabwile alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Gari lilikuwa la babake, Mzee Wamalwa, aliyefariki mwaka uliopita. Nabwile mwenyewe alikuwa karani katika shule moja ya upili hapo Kitale. Mamake, Mama Phelista, aliishi nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma.

"Fundi, nikuambie kitu. Babangu aliugua miaka tatu. Kila tukimuuliza, ati 'niko sawa'. Tulijua ukweli tukiwa mochari. Kwa hivyo hii gari hata ikuwe mbaya aje, wewe niambie. Usinifiche."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na aliyeachwa na kifo cha namna hiyo huwa hana tena hamu ya kubembelezwa. Wahome aliahidi kutomficha kitu. Alipoahidi, alimaanisha.

Alisafisha plagi, gari likawaka. Sensa yenyewe haikupatikana Kitale. Za mtumba alizoletewa zilikuwa zimekufa kuliko hiyo ya zamani, basi akaagiza mpya Nairobi, na Nairobi ikawa ya kesho na kesho kutwa. Kila wiki ilibidi Nabwile apite gereji plagi zisafishwe. Alianza kuja na chai ya chupa. Baadaye akaja na lipstiki. Mwezi wa Mei Wahome naye akaanza kuvaa shati safi ndani ya ovaroli, na mafundi wenzake wakamcheka mpaka wakachoka. Simu ndizo zilizomaliza kazi.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Kuna mtu sijamwona tangu Jumanne."

"Nenda huko! Wewe unapenda gari, si mimi."

"Gari ni chuma tu. Mimi napenda dereva."

"Wahome, utaniua. Na ukiniua nani ataosha hizo ovaroli zako?"

"Kwani utakuwa unaniosheanga?"

"Ukikuja kwetu kuongea na mama, nitafikiria."

Siku ya kwenda kwao ikapangwa. Jumamosi ya pili ya Juni kungekuwa na maombi ya kumkumbuka Mzee Wamalwa kaburini, saa nne kamili. Mama Phelista alikuwa amekuja Kitale kliniki, kwa hiyo Nabwile angemrudisha kwa gari. Wahome angefuata alasiri, maana haipendezi kijana kufika kwa mara ya kwanza akiwa ameketi gari moja na mama mkwe.

Ijumaa jioni Nabwile akafika gereji na uso wa furaha. "Sensa imekuja?"

Haikuwa imekuja. Dereva wa vifurushi alikuwa amesema Jumatatu. Wahome alifungua mdomo aseme hivyo.

"Kwa sababu kama haijakuja niambie tu," Nabwile aliendelea. "Kuna Wabwile, fundi wa kwetu Bungoma, anasema anaweza kuja usiku huu na ya kwake. Huyo hajawahi kuniangusha."

Wivu ni mshauri mbaya, lakini huwahi kufika. Wahome alikuwa amelisikia jina hilo mara tatu wiki hiyo.

"Imekuja," alisema. "Nipe dakika ishirini."

Mafundi wa kando ya barabara wana ujanja wao mchafu kwa mteja msumbufu, na Wahome hakuwa ameutumia hata siku moja. Alifungua dashibodi, akaichomoa balbu ya taa ya injini na kuitia mfukoni. Akasafisha plagi, akafunika kila kitu. Jumatano ijayo, alijiambia, nitaweka mpya kimyakimya, na uongo utakuwa kweli.

"Imezima!" Nabwile alipiga makofi. "Haki ya Mungu umeiweka?"

Wahome akamshika mkono. "Haki ya Mungu. Taa ikizima, ujue iko sawa."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia Kamukuywa, kabla ya kufika Bungoma. Saa mbili na nusu asubuhi, kwenye mlima, katika mvua, gari lilipiga chafya mara tatu likafa. Plagi zote nne zilikuwa zimelowa mafuta na masizi. Nabwile alipiga simu.

"Babe, gari imekataa. Taa haijawaka, kila kitu iko sawa, lakini imekataa. Ni nini?"

Wahome alijua. Hata hivyo akasema, "Labda ni maji imeingia. Ngojea kidogo, jaribu tena."

Walingojea. Magari yote ya kwenda Bungoma yalipita yakiwa yamejaa. Mama Phelista, katika gauni jeupe la chama cha akina mama wa kanisa, aliketi kiti cha nyuma akiishika Biblia, akiuliza saa kila baada ya muda. Wabwile aliwafikia saa saba na kamba ya kuvuta. Walipofika nyumbani, pasta alikuwa ameondoka, viti vinarundikwa, na Mzee Wamalwa alikuwa ameombewa bila mkewe.

Wabwile aliwasha swichi pale uani na kukunja uso. "Hii taa inafaa iwake kabla ya kustart, halafu izime. Mbona haiwaki kabisa?" Alifungua dashibodi. "Nabwile, balbu haiko. Mtu ametoa. Na sensa ni ile ya kitambo, angalia kutu."

Nabwile hakulia. Alimtumia Wahome ujumbe mmoja tu kwamba asije, kisha akazima simu.

Majuma mawili Wahome alipiga simu zisizopokewa. Alikonda. Sensa ilifika Jumatatu ile ile iliyoahidiwa, akawa anailaza kando ya mto wa kitandani kama mtoto. Hatimaye ujumbe ukaingia: "Njoo uweke ile kitu ulisema uliweka."

Alifika Bungoma Jumamosi asubuhi, amevaa shati la samawati alilolinunua kwa ajili ya siku ile nyingine. Nabwile alisimama mbali, kanga begani, macho yamevimba. Wahome alisafisha plagi, akawasha injini chuma kipate joto, akanyunyiza mafuta ya kulainisha kutu, akaingiza spana ya ishirini na mbili. Ikateleza, kifundo cha mkono kikagusa egzosi, ngozi ikaungua. Akaishika spana tena. Sensa ya zamani ilitoka nyeusi tititi. Aliiweka mpya kwa vidole kwanza, akaikaza, akaunganisha waya, akairudisha balbu mahali pake.

"Washa."

Taa ikawaka. Injini ikanguruma bila kukohoa. Taa ikazima.

"Imepona," Wahome alisema. "Hii ni ya ukweli."

"Hata ile ingine ulisema ni ya ukweli." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sasa mimi nikiona imezima, nitajuaje kama ni gari imepona ama ni wewe umeniamulia nisijue?"

"Niliogopa utaenda kwa Wabwile."

"Wabwile ako na bibi na watoto wanne! Alikuwa rafiki ya baba. Si ungeuliza?"

Wahome aliiweka spana chini. "Nisamehe, mpenzi. Nitaapa mbele ya mtu yeyote."

"Uliapa ukinishika mkono." Sasa machozi yalimtoka. "Nakupenda bado, Wahome, hiyo ndiyo inaniuma. Lakini siwezi kuolewa na mtu nitakuwa namfungua dashibodi kila siku nione kama balbu iko. Nilifanya hivyo na babangu, nikashindwa." Alijifuta kwa kanga. "Mama hajui. Anadhani gari ilikuwa tu mzee. Amekupikia. Kula, umuage vizuri, halafu uende. Mimi nitamwambia siku ingine."

Mama Phelista alimpokea kwa mikono miwili, akamnawisha. Kuku alikuwa wa kienyeji, ugali ulikuwa wa wimbi, na juu ya nyama za Wahome, peke yake, palikuwa na firigisi. Kwa Wabukusu firigisi haipewi mpita njia. Ni ya mwenye boma, na katika boma lile haikuwa imepata mwenyewe tangu Mzee Wamalwa azikwe.

"Kula, mwanangu," mama alisema akitabasamu. "Hii nyumba imekaa bila mwanaume siku za kutosha."

Nabwile, mlangoni, alimtikisia Wahome kichwa: usiseme. Angeweza kunyamaza. Angeila firigisi, ashukuru, aondoke akiwa mkwe kwa saa moja.

"Mama, hii si yangu. Ni mimi nilifanya ukose maombi ya mzee. Nilijua gari ni mbaya, nikatoa taa ili Nabwile asione. Ameniambia niende, na ana haki."

Mama Phelista alimtazama binti yake, akaona ni kweli, na tabasamu likamtoka usoni polepole. Akanyoosha vidole viwili, akaiokota firigisi, akairudisha kwenye sufuria na kuifunika. Kisha akamsogezea Wahome ugali.

"Kula. Mtu hatoki kwangu na njaa."

Wahome akala. Alikula yote, tonge kwa tonge, machozi yakimdondokea mchuzini, na hakuna aliyemwambia anyamaze.