Kebo ya Pili Si ya Kunyolea

Wavinya hakuwa na diploma. Hakuwa na jenereta, wala gari, wala mjomba serikalini. Hata ofisi nzima hakuwa nayo: alikuwa na nusu ya chumba sokoni Muthetheni, na katika nusu ile nyingine mumewe Masila aliwanyoa watu. Lakini juu ya paa palisimama mlingoti, na kutoka hapo Wavinya aliuza mtandao kwa maduka, kwa majirani, na kwa zahanati ya misheni kule kilimani.

Moyo wa kazi yake ulikuwa swichi, sanduku la chuma linalogawa mtandao kwa wateja. Nyuma yake kulikuwa na pawasaplai mbili za kuiingizia umeme, kila moja na kebo yake. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo.

Siku za soko Masila alijaa wateja, na soketi zilikuwa chache.

"Hii kebo ya pili inalala tu," alikuwa akisema, huku akiichomoa ili achomeke mashine ya kunyolea. "Moja inatosha."

Wavinya alimwacha. Taa ziliwaka na mtandao ulikwenda. Angegombana na mumewe kwa nini?

Siku moja ya soko, ile pawasaplai iliyobaki ikafa. Swichi nzima ikawa giza. Wavinya aliruka, akachomoa mashine ya Masila na kurudisha kebo. Swichi ikaamka polepole, kama mtu aliyelala na njaa. Kitini, mzee Kiema, aliyekuwa katikati ya kunyolewa, alijishika kichwa.

"Sasa mimi niende nyumbani na shamba limelimwa nusu?"

Watu walicheka. Hawakucheka sana, maana Sista Carol, muuguzi wa zahanati, alikuwa ameshuka kutoka kwa bodaboda mlangoni.

"Mama Mutanu," alimwambia Wavinya, "nilikuwa na mama mwenye uchungu. Daktari alikuwa ananielekeza kwa video kutoka Machakos. Akakatika katikati ya neno!"

"Yuko salama?"

"Yeye na mtoto. Nilimpigia daktari kwa simu ya kawaida. Lakini kamati ya zahanati imechoka. Mkataba wenu unaisha mwezi huu, na sijui nitawatetea vipi."

Zahanati ndiyo iliyokuwa mteja wao mkubwa. Bila zahanati, mlingoti ungeshushwa. Wavinya alimpigia simu Layla, fundi wa mitandao mjini Machakos.

Kesho yake Layla alifika na pawasaplai mpya ya aina ile ile. Aliinama nyuma ya swichi.

"Ona, taa nyekundu. Hii ni mgonjwa. Ile ya kijani ni mzima."

Aliitoa ile mbovu na kusukuma mpya mahali pake, swichi ikiendelea na kazi. Taa zote mbili zikawa kijani. Masila akapiga makofi.

"Bado, Baba Mutanu," Layla alisema. "Mama Mutanu, waambie wateja watakatika kidogo."

Wavinya alipomaliza kuwaarifu, Layla alichomoa ukutani ekstensheni iliyobeba kebo zote mbili. Kila kitu kikazima.

"Pawasaplai mbili, ekstensheni moja. Ukiwa na mitungi miwili na kisima kimoja, kisima kikikauka utakunywa nini?"

"Nitabaki na mitungi," Masila alisema.

"Haya. Nyumbani mko na sola?"

"Tuko nayo. Inaendesha televisheni ya mpira wake," Wavinya alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidole.

Jioni hiyo paneli ya sola, betri, na inveta inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, zilihamia dukani. Kebo moja iliingia kwenye soketi yake ukutani. Ya pili iliingia kwenye inveta.

"Kwa inveta usichomeke kitu kingine," Layla alisema. "Si simu, si mashine. Kila asubuhi angalia taa zote mbili. Na mara kwa mara, ukishawaarifu wateja, chomoa moja uone kama nyingine inabeba. Akiba usiyoijaribu ni tumaini tu."

"Na mimi ninyolee wapi?"

"Ita fundi wa stima akuwekee soketi yako, baba."

Siku ya soko iliyofuata, stima ilipotea, umeme ukakatika kila mahali. Posho mill ya kusagia mahindi ilinyamaza, na mashine ya Masila pia. Wavinya alitazama swichi: taa moja nyekundu, moja kijani. Akampigia simu Sista Carol.

"Sista, mtandao?"

"Uko sawa. Kwani kuna nini?"

"Stima imepotea soko zima."

"Basi iandikie kamati leo. Nami nitasema niliyoyaona."

Wavinya aliandika mwenyewe. Hakuficha kosa: alieleza jinsi kebo ya akiba ilivyokuwa ikichomolewa, na jinsi zote mbili zilivyotegemea ekstensheni moja. Kisha akaeleza alichobadilisha. Mwisho akaandika: "Njooni mchomoe kebo moja, yoyote mtakayo, zahanati ikiwa kazini."

Masila alisoma juu ya bega lake. "Na wakichomoa zote mbili?"

"Hapo utawanyoa."

Akaikunja barua, akaifunga bahasha kwa gundi, akampa kijana wa bodaboda. Pikipiki ikakata kona na kupanda kilimani.